Muuzaji wa Kiwanja Amegeuka: Mahakama Inaweza Kumlazimisha?

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja: mkataba wa kuuziana ardhi umesainiwa, fedha zimetoka, halafu upande mmoja umegeuka. Majibu yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi. Namba za vifungu ni za toleo la sheria la 2019. Katika toleo la 2023 baadhi zimesogea, hivyo linganisha kabla hujaziandika kwenye karatasi ya kupeleka kwenye baraza la ardhi.

Shikamoo wakili. Niliandikiana na mzee mmoja mkataba wa kununua kiwanja chake chenye hati, kipo Kibaha, kwa shilingi milioni 45. Siku hiyo hiyo nililipa milioni 30 kupitia benki. Milioni 15 zilizobaki tulikubaliana nimalizie atakaponikabidhi hati na fomu za uhamisho zilizosainiwa. Kila nikimfuata ananiambia nisubiri. Mwezi uliopita kanipigia simu: bei imepanda, niongeze milioni 25 au nichukue hela yangu. Mahakama inaweza kumlazimisha anihamishie, au itaamuru tu nirudishiwe fedha? (Msomaji wa Kibaha)

Marahaba. Inaweza kumlazimisha. Mawakili wanaita utekelezaji mahsusi wa mkataba: mahakama inamwamuru aliyeahidi atimize kile kile alichoahidi, badala ya kukulipa fidia. Kwa ardhi amri hii hutolewa kwa wepesi kuliko kwa bidhaa, maana gunia la mchele utalipata duka la pili, lakini kiwanja kile pale kilipo ni kimoja tu. Na kupanda kwa bei baada ya kusaini si utetezi. Bei ingeshuka, mzee asingekurudishia tofauti.

Ila hii si haki inayotoka yenyewe kama hela kwenye mashine ya benki. Ni hiari ya mahakama, na kabla ya kumwangalia muuzaji, hakimu au mwenyekiti wa baraza atakuangalia wewe. Swali lake la kwanza litakuwa: milioni 15 ziko wapi? Kuandika kwenye madai kwamba "mdai yupo tayari kulipa" hakutoshi. Muuzaji atasema uliishiwa, ndiyo maana ulikaa kimya, na kama huna karatasi ya kumpinga, wewe ndiye utaonekana uliyevunja mkataba. Mashauri mengi ya wanunuzi huanguka hapa, si kwenye sheria ngumu.

Kwa hiyo anza na barua, leo. Isiwe ndefu. Itaje tarehe ya mkataba, namba ya kiwanja na kitalu, bei, kiasi kilicholipwa pamoja na kumbukumbu ya muamala wa benki, kisha iseme waziwazi: "Salio la shilingi 15,000,000 lipo tayari. Nakutaka tarehe fulani, saa nne asubuhi, ufike katika ofisi fulani ukiwa na hati halisi ili tusaini fomu za uhamisho na upokee salio lako." Mpe siku 14 au 21. Itume kwa njia yenye uthibitisho wa kupokelewa. Siku ikifika, nenda kweli, ukae na shahidi, na siku hiyo hiyo uchukue taarifa ya akaunti inayoonyesha fedha ipo. Asipotokea, una ushahidi wa mambo mawili kwa mpigo: utayari wako na ukaidi wake. Shauri likishafunguliwa, unaweza pia kuomba ruhusa ya kuweka salio mahakamani.

Fomu zenyewe ni Na. 29 (taarifa ya uhamisho), Na. 30 (maombi ya kibali) na Na. 35 (uhamisho wa hakimiliki). Zitaje kwa namba kwenye barua. Muuzaji akisema baadaye kwamba hakujua alitakiwa kusaini nini, barua itamjibu.

Jihadhari na mtego wa kurudishiwa fedha. Wauzaji wenye washauri wazuri hawabishani. Wanaingiza milioni 30 kwenye akaunti yako kimyakimya, halafu wanasubiri. Ukizitumia, au ukakaa miezi mitatu bila kusema neno, watasema mlikubaliana kuuvunja mkataba. Zikiingia, andika siku hiyo hiyo kwamba huzikubali kama marejesho, unazishikilia kama sehemu ya bei, na usiziguse.

Kuna jingine ambalo wanunuzi hawaliulizi. Ile "subiri, subiri" mara nyingi ni kodi. Hati haihamishwi mpaka kodi ya ongezeko la thamani ya rasilimali ilipwe, kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida aliyopata, na mzigo huo ni wa muuzaji. Mzee aliyepata kiwanja zamani kwa bei ya kutupa anaona ghafla anadaiwa mamilioni ambayo hakuyapigia hesabu. Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa kawaida hubebwa na mnunuzi. Tazama mkataba wenu unasemaje. Kama uko kimya na kodi ndiyo kikwazo, kukata sehemu ya lile salio ukailipie kodi yake kwa makubaliano ya maandishi ni nafuu kuliko miaka miwili ya kesi. Wakati huo huo hakikisha mkataba wenyewe umelipiwa ushuru wa stempu. Mkataba usiolipiwa haupokelewi kama kielelezo mpaka ulipiwe pamoja na faini, na wakili wa upande wa pili atasubiri siku ya ushahidi ndipo asimame kupinga.

Kabla ya kwenda popote, nenda kwa Msajili wa Hati uweke kaviati, yaani zuio la usajili, chini ya kifungu cha 78 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi. Mkataba wako unakupa maslahi ya kutosha kufanya hivyo. Haikupi kiwanja, lakini mzee hawezi kukihamishia kwa mwingine bila wewe kujulishwa. Naye anaweza kukuita Mahakama Kuu ueleze kwa nini kaviati isiondolewe, kwa hiyo usiiweke halafu ukalala.

Wapi pa kufungua? Thamani ya milioni 45 inaangukia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo ukomo wake ni milioni 300 kwa madai ya kurejeshewa ardhi na milioni 200 kwa madai mengine yenye thamani ya fedha. Lakini tangu marekebisho ya 2021 lazima upitie kwanza Baraza la Kata kwa usuluhishi. Kata haiamui tena. Inasuluhisha tu, na ikishindwa inakupa cheti. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kuendelea wilayani bila cheti, ila baki na nakala ya malalamiko yenye tarehe na mhuri wa kupokelewa ili uthibitishe kwamba siku hizo zimepita. Ukiruka hatua hii, pingamizi la awali litakurudisha ulikotoka.

Kwenye maombi yako usidai kitu kimoja. Dai kwanza utekelezaji wa mkataba. Dai pili, endapo la kwanza litashindikana, urejeshewe milioni 30 pamoja na riba na fidia ya tofauti ya bei ya kiwanja cha aina hiyo kwa sasa. Baraza halina kawaida ya kukupa usichoomba. Lakini ukidai fedha peke yake, bila kugusa ardhi, jiandae kwa hoja kwamba hilo ni deni la mkataba wa kawaida na ulipaswa kwenda mahakama ya kawaida, si baraza la ardhi.

Kama anatishia kuuza au ameanza kujenga, omba zuio la muda. Vigezo ni vile vile vitatu vinavyotumika tangu 1969: kuna hoja nzito ya kuamuliwa, utapata hasara isiyofidika kwa fedha, na wewe ndiye utakayeumia zaidi zuio lisipotolewa. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Madai zuio halizidi miezi 6, linaweza kuongezwa, na kwa jumla halizidi mwaka mmoja. Weka tarehe hiyo kwenye simu. Kuna wanaoshtuka miezi minane baadaye kwamba zuio lilishakufa na kiwanja kina msingi.

Na ukomo wa muda wa kufungua: shauri la mkataba ni miaka 6 tangu ulipovunjwa. Ile miaka 12 mnayoisikia ni ya mwenye ardhi anayedai kurudishiwa ardhi yake. Wanunuzi wengi hujipangia 12, kumbe kile wanachodai kimesimama juu ya mkataba.

Habari za kazi. Nimelipia kiwanja ambacho hakijapimwa, jumla milioni 12, kwa awamu tatu. Hatukuandikiana mkataba. Ninazo risiti tatu za daftari, kila moja ameandika "Nimepokea milioni nne kwa ajili ya kiwanja" na kusaini. Mwenyekiti wa mtaa anatufahamu wote na alichukua asilimia 10 yake. Je, nina kesi? (Mama wa Chanika)

Nzuri, mama. Una nusu ya kesi. Kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi kinasema mkataba wa kuhamisha ardhi hautekelezeki mahakamani mpaka uwe wa maandishi, au kuwe na kumbukumbu ya maandishi yenye masharti yake, iliyosainiwa na yule unayetaka kumbana. Si lazima iwe karatasi moja yenye kichwa MKATABA WA MAUZIANO. Karatasi kadhaa zinaweza kusomwa pamoja. Tatizo la risiti zako liko kwenye neno "kiwanja". Kipi? Kiko wapi? Bei kamili ni ipi, au milioni 12 ni malipo ya awali tu? Muuzaji mwenye viwanja vitatu atasimama na kusema fedha ilikuwa ya kile cha bondeni.

Linganisha na maneno haya: "Kiwanja kisichopimwa, hatua 30 kwa 25, kilichopo mtaa fulani, kaskazini kinapakana na nyumba ya fulani, kusini barabara ya mtaa, mashariki mtaro, magharibi kiwanja cha fulani. Bei ni shilingi 12,000,000, imelipwa yote." Hapo mtu asiyekijua kiwanja anaweza kufika na kukionyesha kwa kidole. Hicho ndicho kipimo, na ndicho sheria ya mwenendo wa madai inachotaka uandike hata kwenye madai yenyewe: maelezo yanayotosha kuitambua ardhi. Bahati yako hamjagombana sana. Kama bado anapokea simu, mwombe asaini karatasi moja inayokusanya malipo yote matatu na kutaja mipaka, kila mmoja akiwa na shahidi wake. Hilo lifanyike kabla ya kufikiria baraza. Ujumbe wa simu mliotumiana uhifadhi kwenye simu ile ile. Utasaidia kuthibitisha malipo na tarehe, ukiambatana na kiapo kinachoeleza ulivyopatikana na kutunzwa.

Kuhusu ile asilimia 10: hakuna kifungu kinachomfanya mwenyekiti wa mtaa kuwa mwidhinishaji wa mauziano. Akisaini, ni shahidi kama jirani mwingine yeyote, na mhuri wake hauponyi mkataba mbovu. Ushahidi wake utakufaa kwa sababu alikuwepo na aliona, si kwa sababu alilipwa.

Wakili, mimi ndiye muuzaji, kwa hiyo msinihukumu mapema. Niliuza nyumba kwa milioni 50, mnunuzi akalipa 20 na kuahidi kumaliza ndani ya miezi 3. Sasa ni mwezi wa 14. Katikati aliniletea milioni 2 na mimi nikapokea. Mkataba unasema akishindwa, fedha aliyolipa inapotea. Nimepata mteja mwingine. Niuze? (Msomaji wa Morogoro)

Usiuze bado. Ulipopokea zile milioni 2 baada ya muda kupita bila kuandika chochote, ulimpa hoja kwamba muda haukuwa sharti la kufa na kupona kati yenu. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Mikataba kinatofautisha: kama muda ndio uliokuwa msingi wa makubaliano, ucheleweshaji unakupa haki ya kuvunja; kama haukuwa, unapata fidia tu. Na anayepokea utekelezaji uliochelewa bila kutoa taarifa kwamba atadai, anaipoteza fidia ya ucheleweshaji huo.

Dawa yake ni taarifa ya maandishi inayourudisha muda kuwa sharti: salio ni shilingi 28,000,000, lilipwe kabla ya tarehe fulani (mpe muda wa kueleweka, mwezi mmoja si mbaya), la sivyo mkataba umekoma. Tarehe ikipita, andika barua ya pili ya kuuvunja. Hapo ndipo umkaribishe mteja mpya, na umwambie ukweli wote.

Ile "fedha inapotea" usiitegemee kwa maneno yake. Kifungu cha 74 kinasema pale mkataba unapotaja kiasi cha adhabu, mahakama hutoa fidia inayostahili isiyozidi kiasi hicho. Milioni 22 kati ya 50 ni nyingi. Piga hesabu ya hasara yako halisi: dalali uliyemlipa mara mbili, kodi ya pango uliyoikosa, tofauti ya bei kama mteja mpya anatoa pungufu. Kata hiyo, kilichobaki kitoe au angalau kiandikie barua kwamba kipo. Muuzaji anayeshikilia fedha yote na nyumba yote hujikuta akishtakiwa kwa utekelezaji, na mahakama haimpendi.

Nyumba niliyonunua Mwanza, mke wa muuzaji amejitokeza anasema hakuulizwa. Muuzaji aliandika kwenye mkataba kwamba hajaoa. Nifanyeje?

Inategemea kama wanaishi humo. Kwa nyumba ya ndoa, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamzuia mwenzi mmoja kuiuza bila ridhaa ya mwenzake. Akiuza, unachopata kinabebana na haki ya mke kuendelea kuishi pale mpaka ndoa itakapovunjwa, isipokuwa kama hukujua na usingeweza kujua hata kwa uchunguzi wa kawaida. Sheria ya Ardhi nayo, kifungu cha 161, inakuwekea mnunuzi wajibu wa kuuliza. Ukidanganywa baada ya kuuliza, mauziano hayafi papo hapo, ila mke anaweza kuyabatilisha akitaka.

Sasa jiulize kama ungejibu mahakamani: ulipokwenda kuikagua nyumba, nani alikufungulia mlango? Kama ni mwanamke mwenye watoto wawili wa sare za shule, neno "sijaoa" kwenye karatasi halitakuokoa. Ulitakiwa umuulize yeye, umuulize na balozi wa nyumba kumi. Kabla ya kesi, jaribu kupata ridhaa yake ya maandishi sasa, akiwa na wakili wake, hata ikibidi sehemu ya salio ilipwe kwake. Ridhaa inayokuja baadaye bado ina thamani.

Muuzaji alifariki kabla ya kusaini fomu. Mtoto wake mkubwa amenisainia badala yake. Imekamilika? (Msomaji wa Tanga)

Haijakamilika, na ile sahihi haina nguvu hata kama mtoto ana nia njema. Mkataba wenyewe haujafa. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Mikataba kinawafunga wawakilishi wa marehemu. Lakini mwakilishi ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na sahihi aliyoitia mtoto kabla ya uteuzi ni ya mtu baki. Hata kama marehemu alimpa mtoto huyo hati ya uwakala, uwakala ule ulikoma siku alipofariki.

Waombe familia wafungue mirathi. Msimamizi akiteuliwa, mpelekee barua na nakala ya mkataba mapema, kabla hajaorodhesha mali, ili kiwanja kiingie kwenye orodha kikiwa na maelezo kwamba kimeuzwa na kuna salio linalodaiwa. Akikataa, mshtaki kwa cheo chake: "fulani, msimamizi wa mirathi ya marehemu fulani". Kushtaki "familia ya marehemu" ni kupoteza nauli.

Kikundi chetu kilinunua ekari 60 kijijini kutoka kwa wanakijiji sita. Mwenyekiti na mtendaji wa kijiji walisaini na kugonga mhuri. Wanakijiji wanne wamerudi shambani wanalima. Tunataka mahakama itekeleze mkataba. (Kikundi, Kilosa)

Jibu hili hamtalipenda. Ardhi ya kijiji haiuzwi kwa mhuri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inataka uhamisho wa hakimiliki ya kimila uidhinishwe na halmashauri ya kijiji. Halmashauri ni chombo chenye wajumbe 15 hadi 25 kinachokaa kikao chenye akidi, kinajadili, kinaandika muhtasari. Mwenyekiti na mtendaji wakiwa wawili ofisini si halmashauri, ni watu wawili wenye mhuri. Mahakama ya Rufani imekwisha kusema kwamba uuzaji wa ardhi ya kijiji bila idhini ya halmashauri ni batili, na kilicho batili hakitekelezwi, hata kama fedha imelipwa yote.

Msichanganye hili na kibali cha Kamishna wa Ardhi kwenye viwanja vyenye hati. Kule, kukosekana kwa kibali peke yake hakuuui mkataba. Unabaki umelala ukisubiri, na muuzaji ana wajibu wa kushiriki kukiomba. Ndiyo maana msomaji wa Kibaha hapo juu ana matumaini na ninyi hamna.

Kabla ya kukata tamaa, nendeni mkaombe kusoma kitabu cha mihtasari. Kama kuna kikao kilichojadili maombi yenu, hata kama mlisahaulika kupewa nakala, hali ni tofauti kabisa. Someni tarehe, majina ya waliohudhuria na sahihi zao. Kama hakuna, zipo njia mbili. Ya kwanza, wale wawili wasiowasumbua waombe halmashauri iidhinishe sasa, kwa utaratibu. Ya pili, kwa wanne waliorudi, daini fedha chini ya kifungu cha 65 cha Sheria ya Mikataba: mkataba ukigundulika ni batili, aliyepokea kitu kwa ajili yake akirudishe. Kila mwanakijiji adaiwe kwa kiasi alichopokea yeye, kwa hiyo kama mlilipa kwa mkupuo kupitia mtu mmoja, tafuteni ushahidi wa mgawanyo kwanza.

Na msikimbilie kuishtaki halmashauri ya kijiji ili kesi ionekane kubwa. Tangu marekebisho ya 2020, shauri dhidi ya serikali za mitaa, kijiji kikiwemo, linahitaji taarifa ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na lifunguliwe Mahakama Kuu. Mdaiwa mmoja asiye wa lazima anaweza kuwahamisha kutoka wilayani hadi mkoa mwingine. Hilo hilo linamhusu anayemuunganisha Kamishna wa Ardhi au Msajili wa Hati.

Kiwanja changu kimeuzwa mara ya pili na mnunuzi wa pili ameshapata hati kwa jina lake. Mkataba wangu ni wa zamani kuliko wake. Nani ana nguvu?

Yeye, mpaka utakapothibitisha vinginevyo. Mwenye jina kwenye daftari la Msajili ndiye anayechukuliwa kuwa mmiliki. Mkataba wako ulikupa haki ya kumdai muuzaji. Hati yake imempa ardhi. Unaweza kumwondoa ukionyesha kwamba alijua habari zako aliponunua, kwa mfano nguzo zako za zege zilikuwepo, au majirani walimwambia, au ni shemeji wa muuzaji. Ukidai ghushi au ulaghai, ueleze kinagaubaga kwenye madai, tarehe na kitendo, na ujue kiwango cha uthibitisho ni kizito kuliko madai ya kawaida. Yeye lazima awe mdaiwa pamoja na muuzaji. Amri ya kufuta hati ya mtu ambaye hakusikilizwa haitadumu kwenye rufaa.

Kama hana doa, mshike muuzaji: fedha yako, riba, na tofauti ya thamani chini ya kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba. Kuripoti polisi kwa kujipatia fedha kwa udanganyifu ni haki yako, ila jinai haikuletei kiwanja.

Nimeshinda barazani, muuzaji ameamriwa anisainie uhamisho ndani ya siku 30. Hataki na simu kazima.

Usimtafute tena. Chukua nakala za hukumu na tuzo (karatasi yenye amri zilizotolewa) zilizothibitishwa, kisha angalia siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Rufaa peke yake haizuii utekelezaji mpaka aombe na kupewa amri ya kusimamisha. Peleka maombi ya kukazia hukumu, na kwenye kipengele cha namna ya utekelezaji usiandike "asaini". Andika kwamba endapo hatasaini, fomu ulizoziambatanisha, zikiwa zimejazwa tayari, zisainiwe kwa niaba yake kwa amri. Lipa salio kwa njia iliyotajwa kwenye tuzo na upate stakabadhi, la sivyo wewe ndiye hujatimiza. Hati halisi akiikalia, omba amri ielekezwe pia kwa Msajili.

Soma tuzo neno kwa neno kabla ya hapo. Kama inasema "kiwanja chenye mgogoro" bila namba ya kiwanja na kitalu, omba isahihishwe kwanza, maana Msajili hahamishi mgogoro, anahamisha namba. Una miaka 12 ya kukazia hukumu, lakini kila mwaka unaopita muuzaji anazeeka, na ukisoma jibu la msomaji wa Tanga utaona akifariki unarudi kwenye foleni ya mirathi.